Mama tunayemchora Moshi, mbona hageuki? (Uzi wa Paula Modersohn-Becker)

MchoraVibao
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Nalitoa hapa kwa sababu mtaani kwangu nikilianza watu wananiuliza kama nimekula.

Kazi yangu ni kuchora. Asubuhi nachora vibao vya saluni, vioo vya Hiace na kuta za maduka. Mchana nakaa kibandani, si mbali na Mnara wa Saa, nachora za watalii wanaopanda mlima. Mwaka wa kumi na moja huu. Na kuna picha moja nimeirudia mpaka mkono unaichora wenyewe: mama, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, kanga nyekundu, Kibo kwa mbele. Anatembea kuelekea mlimani. Kila siku anaelekea mlimani. Mgongo ndio unaouzwa.

Jumamosi mama yangu alishuka kutoka Kibosho kuja kupima macho, akapitia kibandani kunisubiri nifunge. Akakaa kwenye kigoda akazitazama zote, zilikuwa kama ishirini ukutani. Akaniuliza, "Huyu mwanamke unayemchora kila siku ni nani?" Nikamwambia si mtu, mama, ni mama tu. Akasema, "Mbona hageuki?"

Nilikosa jibu. Ukweli wa biashara ni kwamba uso unanila saa nne na mgongo unanila dakika arobaini. Lakini nilijua hajaniuliza biashara.

Usiku nikakumbuka kalenda moja niliyookota kwenye rundo la vitabu vya mitumba Kiboriloni. Ya Kijerumani, ya miaka hiyo. Niliinunua kwa sababu karatasi yake ni nzito, inafaa kuweka nyuma ya fremu. Miezi kumi na moja nimeshaikata. Novemba niliiacha, hata sijui kwa nini. Ni mama na mtoto wamelala ubavu, wameelekeana, uchi wote wawili, chini yao kitu cheupe kama shuka. Mama ni mzito. Nyonga kubwa, mwili umelegea. Hakuna mlima, hakuna mkungu, hakuna kinachosimuliwa. Wamelala tu. Chini yake pameandikwa Paula Modersohn-Becker, 1906.

Kijana mmoja jirani yangu anaongoza Wajerumani mlimani, akanisomea yale maandishi. Tangu hapo bando langu lote linaishia kwa huyu mama. Nataka tumzungumze, na ninyi mnaojua sanaa mnisahihishe.

CHALII_WA_NGARENARO
Oya, uzi bila picha? Naweka kambi hapa lakini sijaelewa kitu.

MchoraVibao
Simu yangu imepasuka kioo, picha ikitoka ina ufa katikati ya mama. Itafute tu mwanangu, zipo tele.

MamaWatatu
Nimeitafuta. Nimekaa nayo muda. Nitarudi.

MwalimuMstaafu
Umefanya vema kumleta huyu, dada. Nimefundisha sanaa ya kuchora kwa miaka mingi, na kila nikiuliza darasa linitajie mchoraji mwanamke, kunakuwa kimya hadi unasikia nzi.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Dresden mwaka 1876, familia ikahamia Bremen akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Mwaka 1898 akaenda kukaa Worpswede, kijiji cha kinamasi upande wa kaskazini wa Bremen, ambako wachoraji walikuwa wamekimbilia kutafuta mwanga na watu wa shamba. Watu wa pale walichimba udongo wa kinamasi, wakaukausha, wakauchoma kama kuni. Maskini hasa. Mwalimu wake alikuwa Fritz Mackensen, na huyo bwana alishakuwa na picha yake kubwa ya mwanamke wa shamba amekaa juu ya mkokoteni wa udongo ule, ananyonyesha. Nzuri kwa ufundi, siipingi. Ila amemchora kama Bikira Maria aliyekosea njia akaangukia shambani. Ukiitazama unajisikia mtu mwema kwa sababu umemhurumia.

Hapo ndipo Paula alipoanzia. Wanawake wa kijijini, mkaa kwenye karatasi, kila kovu limewekwa. Wakati ule bado anachora umaskini wao kwanza, wao baadaye.

MchoraVibao
Mwalimu shikamoo. Hiyo ya mwisho imenipata. Mimi nachora mkungu kwanza, mama baadaye.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Wengi wetu.

BabuKahawa
Samahani kuingilia. Nasikia huyu dada alikuwa akisafiri kwenda Ufaransa. Alianza lini?

MwalimuMstaafu
Alisafiri usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1900. Alifika Paris karne ikigeuka.

BabuKahawa
Basi Machi ya mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi, yeye na viongozi wengine kumi na wanane. Siku zilezile. Sisemi dada huyu alijua. Nasema tu ninyi mnapohesabu miaka yake, na mimi nahesabu.

KihambaChangu
Babu umeweka jiwe katikati ya barabara.

BabuKahawa
Lipitieni pembeni. Endeleeni, nasikiliza.

MchoraVibao
Tunapita pembeni babu, lakini tumeliona.

Sasa Paris. Nilivyoelewa, alikwenda mara nne: 1900, 1903, 1905, na 1906 ambayo ndiyo kubwa. Katikati hapo, Mei 1901, aliolewa na mchoraji mwenzake, Otto Modersohn, mjane aliyeachiwa mtoto wa kike mdogo, Elsbeth. Kwa hiyo kabla hajazaa alishakuwa mama wa kambo. Mimi hilo limenigusa kwa sababu zangu, nami ninao wawili ambao sikuwazaa na hakuna anayeniuliza habari zao kwenye vikao vya wanawake.

Ukipanga picha zake kwa miaka kwenye simu, unaona kitu kinaondoka. Kwanza zinaondoka hadithi. Halafu ile huruma. Halafu vitu vidogovidogo: makunyanzi, kucha, mishono ya nguo. Kinachobaki ni maumbo makubwa. Kichwa kama jiwe la mtoni, mkono kama tawi. Rangi nene isiyong'aa, kahawia, kijani cha tope, wekundu wa tofali. Na mahali pengine ameikwaruza rangi mbichi kwa mpini wa brashi! Mimi nikikwaruza kibao cha mteja kwa mpini, silipwi.

MwalimuMstaafu
Uzuri wa kuipanga kwa miaka ndio huo. Niongeze vitu viwili vilivyomgeuza. Mwaka 1900 aliziona kazi za Cézanne kwa mfanyabiashara mmoja wa picha mjini Paris, Vollard, wakati Wajerumani wengi hawajamsikia. Cézanne alimwonyesha kwamba tufaha linaweza kuwa na uzito wa mlima. Mwaka 1903 akakutana kule Louvre na zile nyuso za Fayum, za Misri. Ni picha walizochora watu wa Misri enzi za Warumi, wakazifunga juu ya maiti mahali pa uso. Macho makubwa, yanakutazama moja kwa moja, hayaombi kitu. Kutoka hapo nyuso zake zinatulia. Hazicheki, hazilii. Tazameni zile picha za watoto na bibi wa nyumba ya maskini za miaka ya mwisho, kila mmoja amekaa kama mfalme.

CHALII_WA_NGARENARO
Kumbe Afrika imo ndani. Nimekaa vizuri sasa.

KihambaChangu
Afrika imo kila mahali, chalii, ila risiti hawatoi.

MwinjilistiPasua
Bwana asifiwe. Nimefuatilia uzi kwa heshima. Swali langu ni moja: uchi wa mama mzazi unaweka ukutani, watoto wanapita, wageni wanakula, inakuwaje? Hata ile picha yake nyingine, ya mama aliyepiga magoti ananyonyesha, nimeitafuta nikaifunga haraka. Mbona asimfunike japo kanga?

MamaWatatu
Nilisema nitarudi. Nimerudi.

Mwinjilisti, nakuheshimu, lakini ngoja nikwambie kitu ambacho mwanamume hawezi kukiona hata akikaa chumba kimoja na mkewe. Nimezaa watatu. Wa kwanza alikataa kulala usiku kwa miezi minne. Saa tisa usiku, joto la Moshi unalijua, kanga ilishaanguka zamani, huna nguvu ya kuiokota. Mtoto kajibandika, maziwa yanatiririka hadi kwenye shuka, na wewe hujui kama umelala au umeamka. Hapo hakuna uchi wa kanisani wala wa baa. Huna mwili wa kumwonyesha mtu, unao wa kazi tu. Hiyo picha waliyolala ubavu, mimi nilikuwemo. Niliiangalia nikasikia mgongo unaniuma.

Sijawahi kuiona saa tisa usiku ikichorwa na mtu yeyote. Wote wanatuchora asubuhi tumeshavaa.

MchoraVibao
Dada nimeisoma hii mara tatu. Naomba ruhusa ya kuiandika ukutani kibandani, kwa rangi ya kibao.

MamaWatatu
Andika. Usiweke jina.

MwinjilistiPasua
Nimekusikia dada yangu. Bado sebuleni siiweki, lakini nimekusikia.

Nyundo
Mimi ni fundi fremu, nikiwekewa pesa naiwekea fremu hata ya shetani. Ila huyo anayepiga magoti ni tofauti na waliolala, mmeona? Waliolala ni watu. Aliyepiga magoti kawekwa juu ya duara jeupe, matunda kuzunguka, kama kinyago cha Mmakonde kilichosimamishwa juu ya mkeka. Huyo ni kama anatambikiwa. Mimi nawapenda zaidi waliolala.

MwalimuMstaafu
Nyundo umeona vizuri kuliko wengi walioandika vitabu. Zote mbili ni za 1906, Paris. Alikuwa anajaribu njia mbili kwa wakati mmoja: mama kama mtu na mama kama nguvu ya ardhi. Ile ya pili ina hatari zake, kwa sababu ukimfanya mwanamke kuwa ardhi, kesho yake mtu atataka kulima. Mimi pia nasimama na waliolala.

KihambaChangu
Sasa tufike kwenye lile ambalo kila mtu analikwepa. Nimesoma kwamba alijichora ana mimba na hakuwa na mimba. Hiyo imekaaje?

MchoraVibao
Nilikuwa nalitunza hilo.

Februari 1906 alimwacha mumewe akaenda zake Paris, bila kelele, akijua harudi. Pesa hana, mume huyohuyo aliyeachwa ndiye anamtumia. Tarehe 25 Mei 1906, siku ya kutimiza miaka mitano ya ndoa, ambayo mwenyewe aliiita kumbukumbu ya sita, akamaliza picha yake mwenyewe. Amesimama, kifua wazi, shanga za kaharabu shingoni, kitambaa cheupe kiunoni, mikono imezunguka tumbo, moja juu moja chini, vile mwanamke anavyoshika tumbo la miezi minne au mitano. Tumbo limetokeza. Pembeni akaandika kwamba ameichora akiwa na umri wa miaka thelathini, siku ya ndoa ya sita, akatia sahihi P.B. Yaani Paula Becker. Jina la mume kaliacha nje.

Na hakuwa na mimba. Wataalamu wanaihesabu kuwa picha ya kwanza inayojulikana ya mchoraji mwanamke aliyejichora mwenyewe uchi.

KihambaChangu
Ndoa ni 1901, siku ya ndoa ya sita ni 1906 ukihesabu na ile ya harusi yenyewe. Yuko sawa, hesabu zake ni za Kiswahili, siku ya kwanza inahesabiwa.

Ila bado sijaelewa tumbo.

Nyundo
Tumbo la hamu.

CHALII_WA_NGARENARO
Au kashiba. Paris kuna mikate.

MamaWatatu
Chalii nenda kalale.

Mimi nadhani wanaume mnaitafuta mimba, tafuteni uso. Anakutazama kama mtu anayejaribu gauni dukani: hili likinikaa nitakuwaje? Ana miaka thelathini, ndoa ameiacha, kazi ndiyo kwanza inafunguka, na watu wote wanamuuliza mtoto yuko wapi. Sisi tunaulizwa kwa simu, yeye aliulizwa kwa barua, swali ni lilelile.

MchoraVibao
Na barua zipo. Mwanzoni mwa Septemba mwaka ule alimwandikia mumewe kwamba hataki mtoto kutoka kwake. Haikupita wiki akaandika nyingine ya kulegeza. Otto akaenda Paris, wakakaa pamoja majira ya baridi, na Machi 1907 wakarudi Worpswede, yeye ana mimba ya kweli sasa.

Wengine wanasema alishindwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimeona wanawake wakirudi kwa sababu kodi imeisha, na nimeona waliorudi kwa sababu wamependa kurudi, na mara nyingi ni mwanamke yuleyule.

BabuKahawa
Huo ni ukweli mtupu.

MwalimuMstaafu
Wapo watakaosema kwamba wachoraji wa umama mara nyingi hawakuwa na watoto. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa, alichora akina mama wakiogesha na kulisha watoto miaka nenda rudi, naye hakuolewa wala kuzaa. Kina mama wake wana maji ya moto, bakuli na nguo zilizopigwa pasi. Napenda mistari yake, aliichukua kwa Wajapani akaifanya yake. Lakini ukitoka kwa Cassatt ukaingia kwa Paula ni kama umetoka sebuleni ukaingia jikoni ambako mtu amekaa sakafuni.

MchoraVibao
Mwisho wake mnaujua? Tarehe 2 Novemba 1907 alijifungua binti, Mathilde. Uzazi mgumu, siku mbili. Miguu ikamuuma, akaambiwa alale kitandani. Akalala. Tarehe 20 daktari akamruhusu kuamka. Wanasimulia kwamba alisuka nywele zake, akazizungushia kichwani, akachomeka waridi, akatembea hadi chumba cha pili, akakaa kwenye kiti, akaomba aletewe mtoto. Akasema neno moja, akafa. Miaka 31. Damu iliyoganda ilipanda kutoka mguuni.

Ndiyo maana kalenda iliiweka Novemba, nadhani. Nilipoelewa hilo nilifunga kibanda mapema.

MkungaWaZamu
Nilikuwa msomaji tu, lakini hapa siwezi kupita.

Nipo wodi ya wazazi mwaka wa kumi na saba. Kilichomuua kinaua mpaka leo. Mwanamke akiwa na mimba na wiki za mwanzo baada ya kujifungua, damu yake inaganda kwa urahisi zaidi. Ndivyo mwili unavyojikinga asivuje hadi kufa. Ukimlaza chali wiki tatu bila kuinuka, damu inatuama kwenye mishipa ya miguu, bonge linajitengeneza. Siku anayosimama, bonge linang'oka, linapita kwenye moyo, linaziba mapafu. Dakika chache tu. Enzi zile kulazwa ndiyo ilikuwa heshima ya mzazi, tena wenye uwezo walilazwa zaidi. Mwanamke wa kuchimba udongo kule kinamasini aliinuka mapema kwa shida zake, na pengine shida hizo zilimwokoa.

Siku hizi tunamwinua mzazi mapema, hata wa upasuaji, anatembea kidogokidogo akishika ukuta. Na mguu MMOJA ukivimba, ukiuma kwenye shavu la mguu, una joto, au pumzi inakata, usikae na mafuta ya kuchua nyumbani. Siku hiyohiyo hospitali.

KihambaChangu
Sasa mkunga, na sisi Wachaga? Bibi zetu mama mzazi alikaa ndani miezi mitatu, mtori asubuhi, mtori jioni, mama mkwe anahudumu. Mbona hawakufa wote?

MkungaWaZamu
Kukaa ndani si kulala kitandani. Mzazi wa kihambani alikaa ndani lakini anainuka, anaoga, anazunguka jiko, anakwenda uani. Kazi nzito ndiyo aliyoondolewa. Mimi mtori siupingi, nimekuzwa nao. Napinga godoro.

BabuKahawa
Neno gani alisema?

MchoraVibao
Kijerumani: "Schade". Yule kijana wa mlimani anasema ni kama "inasikitisha".

BabuKahawa
"Inasikitisha" ni neno la taarifa ya habari. Mtu anayekufa hasemi inasikitisha.

KihambaChangu
"Bahati mbaya"?

Nyundo
"Hasara."

MwalimuMstaafu
Nyundo, tena. Schade wanaisema hata basi likikuacha, ni neno la kila siku, dogo. "Hasara" ina pande hizo mbili: ya dukani na ya msibani.

MamaWatatu
Mimi ningesema "jamani". Tu hivyo. Jamani.

MrudiBremen
Habari za usiku wakuu. Nimesoma Bremen miaka miwili, nimeusoma uzi huu wote nikiwa kwenye basi la kutoka Arusha, nimepitiliza kituo.

Nyumba yake ipo kwenye kichochoro kimoja katikati ya mji, Böttcherstraße. Matofali mekundu, kuta zimepindapinda kama kichuguu. Ilijengwa na rafiki yake mchongaji, Bernhard Hoetger, ikafunguliwa 1927, na wanasema ndiyo makumbusho ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mchoraji mwanamke mmoja. Waliolala ubavu wapo humo. Ni kubwa kuliko mnavyodhani, zaidi ya mita moja kwa urefu. Nilisimama mbele yake nikiwa na mkoba wa viazi.

Sasa Babu Kahawa, hii ni yako. Aliyetoa pesa za ile nyumba ni Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa kahawa wa Bremen. Ndiye aliyeanzisha Kaffee HAG, kahawa iliyoondolewa kafeini.

BabuKahawa
Kahawa imeondolewa nini?

MrudiBremen
Kafeini babu. Kile kinachokuamsha.

BabuKahawa
Yaani mtu amechukua kahawa, akatoa kahawa ndani yake, akatajirika? Na 1925 wazee wetu hapa ndio wanaunda chama cha kwanza cha wakulima ili wapate bei ya haki kwa kahawa yenye kila kitu chake. Nimeipitia barabara hii mara mbili leo na mara zote kuna jiwe.

Lakini nyumba alijenga. Hilo nampa.

MrudiBremen
Akiwa hai aliuza picha chache za kuhesabika, na aliacha zaidi ya mia saba, za miaka kama kumi tu ya kazi. Mwaka 1937 utawala wa Wanazi ukaziondoa nyingi kwenye makumbusho ya Ujerumani, wakaziita sanaa iliyooza. Mama zake hawakuwa wazuri vya kutosha, mnaelewa? Walitaka mama wa kuzalia askari, nywele njano, meno meupe. Na yule mtoto Mathilde aliishi hadi 1998. Ndiye aliyeanzisha wakfu wa kutunza kazi za mama ambaye hakumkumbuka.

MchoraVibao
Hilo la Mathilde sikulijua. Ngoja nikae nalo.

(siku sita baadaye)

MchoraVibao
Wakuu, nimerudi. Mliniuliza inbox nimepotelea wapi.

Kuna mpangaji mwenzangu, uani, amejifungua wiki mbili zilizopita. Nikamwomba nimchore. Alicheka, akasema kwa masharti mawili: nguo havui, na mtori wa siku hiyo naupika mimi. Nikapika. Si mzuri, nyama ilikuwa ngumu, akala.

Nilimkuta amelala ubavu na dera lake, mtoto amejikunja mbele ya tumbo kama herufi, saa sita na nusu mchana, mvua inapiga bati. Nikaanza na mkaa nyuma ya boksi. Dakika kumi, amelala fofofo. Kwa muda wa saa mbili hivi hakuna aliyetikisika isipokuwa mtoto. Mwanangu, nyie hamjui mtu aliyechoka anavyokuwa mzito. Mgongo nimeuchora miaka kumi na moja, sikujua kama tumbo baada ya kuzaa linalala pembeni kama mfuko wa unga uliokwisha nusu. Nikitaka kulipunguza mkono unajua ni uongo.

Kanvasi sikuwa nayo, pesa ya mwezi ilishaisha. Nikachukua kipande cha hadibodi kilichobaki kwenye kibao cha saluni, na rangi zilezile za vibao.

MwalimuMstaafu
Ndivyo Tingatinga alivyoanza Dar mwaka 1968, hadibodi na rangi ya baiskeli. Usione haya.

MchoraVibao
Sioni haya, naona inateleza! Rangi ya kibao inang'aa, nilitaka ising'ae. Nikachanganya na vumbi la chokaa kidogo, ikafa mng'ao. Halafu nikageuza brashi, nikakwaruza kwa mpini pale kwenye maua ya dera. Imekaa. Uso nimeuacha bila meno, bila kope, macho yamefumba, kivuli kimoja tu kutoka puani hadi kidevuni. Uso huu umenila dakika ishirini. Na nilisema saa nne.

Jana mama ameshuka kuchukua miwani yake. Nikaigeuza hadibodi ukutani, maana niliogopa. Akaniambia geuza. Akavaa miwani, akasogea, akasogea tena. Kimya. Mteja aliingia akatoka. Halafu akasema, "Sasa huyu namjua."

MamaWatatu
Aika mae! Asante mama!

Nyundo
Fremu naitoa bure. Mti wa grevilia, nimekausha mwenyewe. Bei ya picha ni ngapi?

MchoraVibao
Siuzi bado. Maana mama hakumaliza. Akaweka kidole kwenye mguu akasema, "Lakini huu mguu umeudanganya. Mwembamba. Mzazi wa wiki mbili miguu hivi? Wangu ilikuwa kama migomba." Nikamwambia nimeupunguza ili ukae vizuri kwenye ubao. Akanitazama tu.

MkungaWaZamu
MchoraVibao, subiri. Acha ubao. Huyo jirani mwenyewe, miguu yake imevimba?

MchoraVibao
Ndiyo, imevimba, ndiyo maana niliipunguza.

MkungaWaZamu
Yote miwili au mmoja?

MchoraVibao
Nilimchora upande mmoja. Ngoja nivuke uani.

MchoraVibao
Nimerudi. Nimemwamsha, amenitukana kidogo. Yote miwili, sawasawa. Haiumi, haina joto, pumzi iko vizuri. Nimebonyeza kidole kinaacha shimo.

MkungaWaZamu
Sawa, hapo nimepumua. Kesho asubuhi mpeleke apimwe presha hata hivyo, na akiumwa kichwa usiku huu au akiona maruweruwe msingoje asubuhi. Atembee, aweke miguu juu akikaa.

MchoraVibao
Saa moja asubuhi tunatoka, nimeshaongea na bodaboda. Hadibodi nitaurudia mguu nikirudi.